Vocha ya Mbolea si Mali ya Mjanja

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda wakatuuliza: Kasokola inatuhusu nini? Kasokola ni kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, mkoani Katavi, mbali kabisa na bahari. Watu wake hulima mahindi, karanga na mpunga, na hungoja mvua za Novemba kama wenzao wote wa nyanda hizo. Lakini mkulima wa Kasokola na mkulima wa bonde la mpunga kule Visiwani wana jambo moja linalowaunganisha. Wote wawili hulima kwa pembejeo ambazo sehemu ya bei yake imelipwa na umma. Palipo na bei iliyopunguzwa kwa fedha za umma, hapakosi mtu wa kukaa usiku akihesabu ni mara ngapi anaweza kulipitia punguzo hilo.

Leo tunataka kulizungumza jambo hili bila kuficha. Je, ni halali mtu kukusanya vocha na mapunguzo kadiri akili yake inavyomwezesha, maadamu kanuni hazikumkataza waziwazi? Wapo wanaojibu kwamba ni halali, na kwamba anayelaumu ana wivu. Sisi hatukubaliani nao. Lakini hatukubaliani vilevile na wale wanaodhani kwamba dawa ya jambo hili ni rungu peke yake.

Tukumbushane historia. Kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14 Serikali iliendesha Mpango wa Taifa wa Vocha za Pembejeo, kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Dunia. Mpango ulipoanza, Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuundwa mwaka 2012. Rukwa ilikuwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea ya kupandia, mbolea ya kukuzia na mbegu bora, kwa kadiri ya ekari moja. Vocha ililipa kiasi cha nusu ya bei, na nusu iliyobaki aliitoa mkulima mfukoni mwake. Wakala aliyetoa mfuko alikwenda benki na vocha akalipwa. Majina ya wanaostahili yalipendekezwa na kamati ya vocha ya kijiji, kisha yakapelekwa mbele ya mkutano wa kijiji.

Mpango ule ulikwisha. Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipopanda duniani kote, hata mfuko mmoja wa kilo 50 ukafika zaidi ya shilingi 120,000, Serikali ilirudisha ruzuku kwa njia nyingine. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mpango huo mjini Mbeya. Safari hii karatasi iliondoka ikaja namba. Mkulima aliandikishwa kijijini pamoja na ukubwa wa shamba lake, na kwa namba hiyo akanunua mfuko wa urea au DAP kwa shilingi 70,000. Tofauti ililipwa na Serikali kwa mfanyabiashara.

Basi na tupige hesabu ndogo. Ikiwa ruzuku ya mfuko mmoja ni shilingi 50,000, mtu aliyeandikisha ekari kumi hali analima tatu amejipatia mlango wa kuchukua fedha za umma kwa ekari saba ambazo hazipo. Akichukua mfuko mmoja tu kwa kila ekari ya uongo, ni shilingi 350,000. Fedha hiyo haikutoka hewani. Imetoka katika kodi ya sukari aliyonunua mama na kodi ya sabuni aliyonunua kijana wa Mpanda.

Nchini Marekani mchezo wa namna hii una historia ndefu. Huko maduka na viwanda hutoa kuponi za kumpunguzia mnunuzi bei, na wapo watu waliofanya kazi yao kuzikusanya, kuzipachika juu ya punguzo la duka, na kutoka na mikokoteni iliyojaa bidhaa kwa senti chache. Wengi wao hawavunji sheria. Wengine huvuka mpaka: mwaka 2021 mahakama huko ilimhukumu mwanamke mmoja wa jimbo la Virginia kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31. Lakini hata pale ambapo sheria haikuvunjwa, ipo tofauti kubwa kati ya kuponi ya Marekani na vocha ya Kasokola. Kuponi ya dukani ni chambo cha mfanyabiashara. Ameihesabu katika faida yake, na akila hasara ameitaka mwenyewe. Vocha ya mbolea ni fungu lililogawiwa kutoka katika chungu kimoja. Mifuko ina idadi, na fedha zina kikomo. Anayechukua mara mbili amemnyima mwingine, hata kama hamjui kwa jina wala kwa sura.

Kwa sababu hiyo tunawagawa watu wa vocha katika mafungu matatu, maana kuwahukumu wote kwa neno moja ni dhuluma.

Fungu la kwanza ni mkulima anayetumia haki yake yote. Ana ekari tatu, ameandikisha ekari tatu, amechukua mbolea ya ekari tatu, na kama ipo mbegu ya ruzuku ameichukua pia. Huyu asiitwe mlafi. Mapunguzo mawili yaliyowekwa yakutane katika shamba moja ni mapunguzo yaliyokusudiwa. Anayemcheka mkulima huyu kwa kufuatilia haki yake mpaka mwisho anawafundisha wananchi uzembe.

Fungu la pili ni yule anayeiongeza haki kwa ujanja. Nyumba ni moja na jiko ni moja, lakini baba ameandikishwa, mama ameandikishwa, na mtoto aliye shuleni ameandikishwa, kila mmoja kwa shamba lilelile. Au ni kiongozi anayeliandika jina lake kwanza, kisha la shemeji, kisha la mkwe, na mjane wa mwisho wa kijiji akaambiwa orodha imejaa. Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2012 watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walichapisha uchunguzi wao kuhusu vocha mkoani Kilimanjaro, wakaonyesha kwamba kiasi cha asilimia 60 ya vocha ziliishia katika kaya za viongozi wa vijiji waliochaguliwa. Viongozi hao hawakuvunja kufuli ya ghala usiku. Wengi walipitia mlango uliokuwa wazi, wakiwa na kalamu na mhuri. Sisi tunasema kwamba wizi wa kalamu ni wizi, na mhuri hauufanyi kuwa halali.

Fungu la tatu ni wanunuzi wa vocha, yaani walanguzi. Huyu halimi. Humfuata mkulima, akampa noti chache mkononi, akachukua vocha au namba yake, kisha akadai ruzuku ya mfuko ambao haukufika shambani, au akaupeleka mfuko huo palipo na bei ya juu, hata ng'ambo ya mpaka. Kwa mtu wa namna hii hatuna neno la utetezi.

Lakini hapa ndipo tunapowaomba wakuu wa Serikali watusikilize kwa makini. Mlanguzi hununua kwa nani? Hununua kwa mkulima. Na mkulima huyo anauza kwa nini? Tumfikirie mkulima wa Kasokola ambaye mahindi yake ya mwaka jana yamekwisha, mtoto anadaiwa sare ya shule, na mvua imekaribia. Anaambiwa kwamba mfuko wake umepunguzwa bei, alete shilingi 70,000. Hana hata 20,000. Kwake yeye punguzo lile ni karamu ya jirani: harufu anaisikia, chakula hakioni. Mtu akija na shilingi 10,000 taslimu, atampa namba na atashukuru. Huyo tutamwita mhujumu? Sisi tunasema hapana. Amefanya kosa, lakini kosa lake limezaliwa na mpango uliodhani kwamba kila mkulima ana nusu ya bei chini ya mto.

Kadhalika mbolea ina majira yake. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mpanda ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yamekwisha kuota, vocha yake haina kazi shambani. Imebaki kuwa kitu cha kuuzwa tu. Katika msimu wa 2022/23 wananchi wa mikoa mbalimbali walipanga misururu mirefu kwenye vituo vya kuuzia, na wengine walirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mtandao ulikatika au mifuko iliisha. Kila siku ya kuchelewa ni siku ya neema kwa mlanguzi.

Historia ya nchi yetu imetufundisha somo hili mara mbili, na ni vizuri tusilisahau.

Mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilipigwa vita kali dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Nia ilikuwa njema na wananchi wengi waliishangilia. Lakini kukamatwa kwa watu peke yake hakukujaza rafu za maduka. Bidhaa zilianza kuonekana tena baada ya 1984, pale wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza vitu kutoka nje. Wazee wa Visiwani nao wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970, chakula kilipogawiwa kwa kipimo na foleni zikawa sehemu ya maisha. Wanajua jinsi mgao unavyoweza kumfanya hata mtu mwema atafute njia ya kupita mara ya pili.

Somo la pili ni la karafuu. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa kwa magendo kwenda Mombasa. Vikosi vililinda fukwe, majahazi yakakamatwa, na magendo yakaendelea. Bei aliyolipwa mkulima ilipopandishwa sana mwaka 2011, karafuu nyingi zilirudi katika vituo vya Serikali. Mkulima wa Pemba hakubadilika tabia kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni hesabu iliyowekwa mbele yake.

Kwa hiyo, tunatoa mapendekezo yetu waziwazi.

Kwanza, orodha ya walioandikishwa, pamoja na ekari zao, ibandikwe katika ofisi ya kijiji na ya mtaa, na isomwe kwa sauti mkutanoni. Jirani anajua ekari za jirani yake kuliko mtambo wowote. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti na daftari lisilokuwapo.

Pili, kiongozi anayesimamia orodha asiwe mwenye kuidhinisha jina lake mwenyewe wala la watu wa nyumba yake. Majina hayo yapitishwe na mkutano wa wananchi, yeye akiwa nje.

Tatu, mkulima asiye na fedha taslimu awezeshwe kulipa sehemu yake kidogo kidogo tangu wakati wa mavuno, kwa kupitia chama chake cha ushirika. Anayeweka shilingi 5,000 mwezi Julai akiwa na gunia ghalani hatalazimika kuiuza haki yake mwezi Novemba.

Nne, mbolea ifike kabla ya mvua. Ofisa aliyechelewesha mzigo aulizwe kwa ukali uleule anaoulizwa mkulima aliyeuza vocha.

Tano, wakala atakayethibitika kudai ruzuku ya mifuko hewa arudishe fedha, afikishwe mahakamani na asipewe tena kazi hiyo. Sheria ianze kwa aliyefaidi zaidi.

Kwa wananchi nasi tuna neno, wa Kasokola na wa Visiwani pia, maana Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar nayo imekuwa ikiwapatia wakulima wa mpunga pembejeo na huduma ya matrekta kwa bei ya ruzuku. Tuache ule usemi kwamba mali ya serikali haina mwenyewe. Mwenyewe yupo: ni yule aliyekuwa nyuma yako kwenye mstari, akafika dirishani akaambiwa mifuko imekwisha. Kabla ya kuandikisha jina la pili, mtazame huyo usoni. Ukiweza kumweleza mbele ya kijiji kwa nini umechukua mafungu mawili naye hana hata moja, basi chukua. Ukishindwa, jibu unalo tayari.

Ruzuku imekusudiwa kuinua shamba. Vocha iliyofika shambani imekuwa mahindi na mpunga. Vocha iliyoishia mfukoni mwa mjanja imekuwa njaa ya mtu mwingine. Viongozi waurekebishe mpango ili maskini asilazimike kuuza haki yake, na wananchi tujizuie kununua ya mwenzetu. Upande mmoja ukitimiza wajibu na mwingine ukakaa, msimu ujao tutayarudia maneno haya haya.