Tahadhari kwenye simu: kwa nini nyingine hufika mvua ikiwa imeshapita?

Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa António Guterres alitaka kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema ndani ya miaka mitano. Njia mojawapo ya kufikisha tahadhari ni arifa, ule ujumbe unaojitokeza kwenye simu janja hata kama hujafungua programu.

Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani ya Tanzania Mei 2024, kila saa ilikuwa na thamani kwa mvuvi. Je, arifa inaweza kutegemewa?

Arifa haitoki kwa mtumaji moja kwa moja hadi kwako. Seva yake huikabidhi kwa Google, kama simu yako ni ya Android, au kwa Apple, kama ni iPhone. Kampuni hizo ndizo huifikisha, kwa njia ya intaneti. Bando likiisha au simu ikizimika, arifa husubiri. Kwa Google, mtumaji asipoiwekea ukomo, inaweza kusubiri hadi siku 28. Ndiyo maana mtu hununua bando Jumamosi akapokea onyo la mvua ya Jumatano.

Wanaotengeneza programu wanaweza kupunguza tatizo hili. Kwanza, waipe tahadhari kipaumbele cha juu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, simu iliyokaa muda mrefu bila kuguswa huchelewesha arifa za kawaida ili kuokoa betri. Pili, waweke ukomo: onyo la leo lisifike kesho kutwa. Yote mawili ni mistari michache tu kwenye seva.

Lakini hakuna mpangilio wa seva unaomfikia asiye na bando, wala mwenye kitochi. SMS humfikia bila bando, ingawa hutumwa namba kwa namba. Ipo pia teknolojia ya minara kurusha ujumbe mmoja kwa simu zote zilizo karibu, bila bando wala orodha ya namba. Na redio ya betri haihitaji hata mnara wa simu.

Kwa maoni yetu, arifa iwe njia mojawapo, isiwe njia pekee. Mamlaka ikisema imetuma tahadhari, tuulize: imewafikia wangapi, na saa ngapi?