Jezi Isiyo na Jina

Wapo wanaoshikilia kwamba nguo ni nguo tu. Ikishavaliwa imetimiza kazi yake, na kumdai muuza jezi historia ni sawa na kumdai muuza samaki utenzi wa bahari. Kauli hiyo ingesameheka kama ingetamkwa penginepo. Ikitamkwa Bagamoyo, au popote katika mwambao unaoanzia Kunduchi na Mbweni kwenda kaskazini hadi Saadani, ni kauli ya mtu asiyejua amesimama wapi.

Ni wapi nguo imesema zaidi ya hapa? Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukiiondolea jina hubaki kitambaa cha maua, kizuri pengine, lakini bubu. Wanawake wa mwambao wamesutana, wamepatana, wamebembeleza na wameaga kwa jina la kanga pasi na kufumbua kinywa. Hata mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak, aliyeanza biashara yake Mombasa mwaka 1887, alijua kwamba nguo haiendi sokoni bila maneno, ndiyo maana "Mali ya Abdulla" ikawa alama inayotambulika mpaka leo.

Bagamoyo ina sababu nyingine ya kuihoji nguo. Katika karne ya 19 wapagazi walipotoka mji huo kuelekea Tabora na Ujiji, mizigo yao mingi ilikuwa ni majora ya merikani, kitambaa cheupe kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts na kupitishwa Unguja. Pamba ya viwanda hivyo ilitoka majimbo ya kusini ya Marekani, na walioichuma walikuwa watumwa, watu weusi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka huko mwaka 1861, merikani ikaadimika hata huku. Basi Mwafrika aliyepagaa mzigo ule begani alibeba jasho la Mwafrika mwingine asiyemjua, na kwenye jora hapakuwa na neno hata moja la kumwambia.

Leo nguo za Marekani zinaendelea kushuka, safari hii kwa mabelo ya mitumba. Ndani yake yaweza kuchomoza kofia au fulana iliyoandikwa Monarchs ama Grays, na kijana wa Bunju akaivaa kwa kuwa rangi imempendeza. Monarchs wa Kansas City na Grays wa Homestead walikuwa timu za watu weusi katika besiboli, ule mchezo wa kupiga kipira kwa gongo. Walipofungiwa mlango na ligi za wazungu, waliunda zao. Ile ya kwanza iliyodumu iliasisiwa na Rube Foster mwaka 1920, mjini Kansas City. Hao ni wajukuu na vitukuu vya wale wale waliochuma pamba ya merikani.

Mmoja wao, Josh Gibson, alifariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 35, na kaburi lake lilikaa miaka mingi bila jiwe la jina. Mwaka 2024 ndipo wakuu wa besiboli walipoziingiza takwimu za ligi zile katika vitabu vyao, na marehemu, baada ya miaka 77 kaburini, akawa wa kwanza kwa wastani wa upigaji, mbele ya wazungu wote. Makumbusho yaliyoanzishwa Kansas City mwaka 1990 huuza fulana za timu hizo huku yakisimulia habari za waliozivaa. Wamechelewa sana, hilo halifichiki. Lakini walau anayeivaa akitaka kuuliza, yupo wa kumjibu.

Na huku, nani wa kujibu? Dar es Salaam mwaka 1935 kundi la vijana wa mjini lilijiita Young Africans. Jina hilo leo limekuwa Yanga, tamu mdomoni kiasi kwamba mtu husahau lilisema nini. Lilisemwa katika mji ambao serikali ya kikoloni iliupanga kwa rangi, mitaa na hospitali, ambamo Mwafrika aliitwa mwenyeji na bado akawekwa nje; lilisemwa miaka sita tu baada ya African Association kuundwa katika mji huo huo. Lilikuwa dai. Sasa tazama kifua cha jezi: jina la mdhamini ndilo lililokaa pale, kubwa, na mwaka 1935 umebanwa ndani ya nembo kama tarehe ya kuisha kwa dawa.

Kwa watani wao mambo ni magumu zaidi. Anayechapa 1936 chini ya picha ya simba anaruka historia nzima, kwani mwaka huo hapakuwa na Simba. Palikuwa na Queens, ikaja Eagles, ikaja Sunderland, iliyotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya taifa mwaka 1965 kwa jina hilo la kuazima Uingereza. Simba ni jina la mwaka 1971. Je, si kisa hicho hasa, cha watu waliokopa jina la mtawala na kisha wakalivua, ndicho kilichostahili kushonwa? Na jezi ya Cosmopolitan, mabingwa wa 1967, inauzwa duka gani? Ya Coastal Union ya Tanga ya 1988, ni wangapi wameiona?

Wenye kuuza watadai kwamba mnunuzi hataki kusoma. Mnunuzi huyo huyo, mama yake husimama dukani nusu saa akichagua jina la kanga. Pindo la jezi lina nafasi ya kutosha majina kumi na moja ya kikosi cha mwaka fulani. Kazi ya kuyakusanya majina ingefaa ianze sasa, na TaSUBa pale Bagamoyo, chuo kilichofundisha sanaa tangu 1981, hakikosi vijana wa kuwatafuta wazee na kuwasikiliza. Jezi ikiuzwa kwa sifa ya mzee aliye hai, apelekewe fungu lake. Na mzee akiulizwa jina lake, aandikwe na lile la utani aliloitwa uwanjani, maana mara nyingi ndilo pekee ambalo watazamaji walilijua.