Andikeni Majina Nyuma ya Picha

Ndugu zangu wa Itaka, na nyie wa Mlowo, Vwawa hadi Tunduma mpakani, nina ombi. Kabla sijalitaja, naomba twende kwanza Zanzibar.

Pale Mji Mkongwe, Barabara ya Kenyatta, lipo duka la picha liitwalo Capital Art Studio. Ranchhod Oza alilifungua mwaka 1930, baada ya kujifunza kazi katika studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyeifungua mjini humo karne ya 19. Kina Gomes hawakungoja wateja waje kukaa kwenye kiti. Walitoka na kamera zao nzito wakapiga vichochoro, milango ya nakshi, wachuuzi na wachukuzi wa bandarini, kisha wakachapisha postikadi zilizouzwa kwa wasafiri. Oza akaendeleza kazi hiyo, na baada yake mwanawe Rohit.

Umuhimu wa picha hizo tuliuona vizuri tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la hukohuko Zanzibar, ilipoporomoka na kuua watu wawili. Jengo lile ni la mwaka 1883. Picha za kale zinaonyesha kwamba zamani mnara ulisimama peke yake mbele yake, mizinga ya Waingereza ikauharibu tarehe 27 Agosti 1896, ndipo ukajengwa mnara mwingine kwenye jengo lenyewe. Anayetaka kurudisha nguzo na baraza mahali pake leo anazo picha za kumsaidia.

Lakini kuna jambo linaloniuma kila nikizitazama. Jina la mtaa utalikuta, la sultani utalikuta, ila yule aliyejitwika gunia hana jina. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960. Babu na bibi za watu wamo humo, wamehifadhiwa vizuri kabisa, na wengi wao hakuna awezaye kusema walikuwa nani. Waliowajua wameshakufa.

Sisi huku bara tulipigwa picha baadaye, na wapiga picha wetu hawakuandikwa popote. Walikuja na baiskeli siku za gulio, kamera imening'inia shingoni. Wengine tuliwafuata mjini, tukasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa maua na ndege. Filamu ilipelekwa kusafishwa, ukangoja wiki mbili au tatu, na picha ikirudi mtaa mzima unakuja kuiona.

Nyumbani ninayo moja ya namna hiyo. Bibi yangu amesimama gulioni Itaka, kitenge kimefungwa kifuani, mkono mmoja juu ya gunia la kahawa. Nyuma yake kuna baiskeli imeegemezwa ukutani, taa yake ya mbele imefungwa kwa mpira. Kulia wako wanawake wawili. Mmoja anacheka, kiganja kimeziba mdomo, kama vile mpiga picha amemtania. Nyuma ya picha kuna neno moja tu, "Itaka", kwa wino uliofifia. Nimewauliza wazee watatu yule anayecheka ni nani. Wawili wamenipa majina tofauti, wa tatu akaishika picha kwa muda mrefu, kisha akanirudishia bila kusema kitu.

Ombi langu ni hili. Jumamosi moja, toa boksi chini ya kitanda. Keti na mzee wa nyumbani kwako, mpe picha mojamoja, muulize taratibu. Andika nyuma kwa penseli, usitumie peni, maana wino hupenya hadi usoni. Anza na wa kushoto kwenda kulia: jina, ni mtoto wa nani, pale ni wapi. Mwaka ukisahaulika, andika tukio. "Reli ya TAZARA ilikuwa inajengwa" inatosha, maana tunajua ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Picha iliyonata kwenye kioo cha fremu usiibandue, itachanika sura. Ipeleke mlangoni penye mwanga wa kivuli, uipige kwa simu ikiwa humohumo ndani ya kioo. Halafu ziondoe zote karibu na moshi wa jiko, na boksi liwe juu ya meza ili mchwa wasilifikie kwa urahisi.

Ninyi wenye studio za zamani Tunduma na Vwawa, nawasihi kwa heshima: maboksi ya negativu msiyachome. Humo ndimo walimo waliojenga reli, waliofungua maduka ya kwanza ya mpakani, walimu wetu na mama zetu wakiwa wasichana. Na ninyi walimu wa sekondari, wapeni wanafunzi kazi ya kukaa na wazee wakati wa likizo. Simu wanazo, na wazee bado tunao.

Mimi nimeanza na ile ya bibi, majina mawili yananipungukia. Kama bibi yako aliwahi kuuza kahawa kwenye gulio la Itaka, njoo uitazame. Huenda ndiye yule anayecheka.