Vunjo Haina Mwenyewe

Kila uchaguzi unapokaribia, jimbo la Vunjo mkoani Kilimanjaro huzushiwa mengi na wachambuzi wa mbali. Mengi ya hayo hayasimami mbele ya rekodi ya kura, na wapiga kura wa jimbo hili wanastahili kusemwa kwa haki.

La kwanza, na ndilo linalorudiwa mno, ni kwamba Vunjo ni ngome ya upinzani. Wengine huongeza: ngome ya CHADEMA. Tuitazame orodha. Mwaka 1995, uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virudi, alishinda James Mbatia wa NCCR-Mageuzi. Mwaka 2000 akaja Jesse Makundi wa TLP. Mwaka 2005 kiti kikaenda CCM kwa Aloyce Kimaro. Mwaka 2010 TLP ikakitwaa tena kupitia Augustino Mrema, mwaka 2015 akarudi Mbatia na NCCR-Mageuzi yake, na mwaka 2020 akaingia Charles Kimei wa CCM, aliyeiongoza Benki ya CRDB kwa miaka 20. Chaguzi sita, kuanzia 1995 hadi 2020, na hakuna hata mmoja uliomrudisha bungeni mbunge aliyekuwapo. Katika kipindi hicho hakuna chama kilichokitetea kiti kikafaulu. CHADEMA haikukishika hata mara moja kati ya hizo sita. Anayeiangalia Hai, iliyowahi kuwa ya Freeman Mbowe wa CHADEMA, akadhani ameshaiona Vunjo, anachanganya majimbo mawili yanayogawana mlima mmoja tu.

Dai la pili lina ukweli ndani yake, na ukweli huo usifichwe: kwamba watu wa Vunjo walimfuata Mrema kila alikokwenda. Mwaka 1995 Mrema, mtoto wa nyumbani aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aligombea urais kwa NCCR-Mageuzi akapata karibu asilimia 28 ya kura za nchi nzima, na Vunjo ikachagua mbunge wa NCCR. Alipohamia TLP mwaka 1999, jimbo nalo likahamia TLP mwaka uliofuata. Hapo mfuasi wa dai hili angeweza kufunga daftari lake. Lakini mwaka 2005 TLP ilikosa kiti, Mrema akiwa bado mwenyekiti wake. Mwaka 2010 walimpa ubunge yeye mwenyewe, wakampima kwa muhula mmoja, na mwaka 2015 wakamwacha nafasi ya tatu, nyuma ya Mbatia na mgombea wa CCM. Mrema alifariki mwaka 2022 akiheshimiwa sana huko kwao, lakini watu hao hao walikuwa wamemnyima kura. Wala si mkubwa wa kwanza kupimwa hivyo mlimani. Mwaka 1960 Wachagga walipiga kura ya kuachana na cheo cha Mangi Mkuu, yaani chifu wao mkuu, kilichoshikwa na Thomas Marealle wa Marangu, wakataka kiongozi wa kuchaguliwa.

Kuhusu dai kwamba Vunjo hupiga kura kwa ukabila sina haja ya maneno mengi. Wabunge wote watano niliowataja ni Wachagga. Kabila haliwezi kueleza kwa nini huyu alipita na yule akaanguka. Mwaka 2005 Mbowe, Mchagga wa Machame, aligombea urais kwa CHADEMA, na bado kiti cha Vunjo kilikwenda CCM. Mwaka 2015 Mbatia aliingia kwa mwavuli wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani uliomsimamisha Edward Lowassa wa Monduli, asiye Mchagga, kuwania urais.

Kuna wanaosema Vunjo huamuliwa na watoto wake walioko Dar es Salaam na Arusha, wanaopanda nyumbani Krismasi na fedha zao. Ni kweli mwishoni mwa Desemba barabara ya Himo kwenda Marangu na Mwika hujaa magari, na siasa huzungumzwa kwenye kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, pombe ya mbege mkononi. Ila kura ya mbunge hupigwa pale ulipojiandikisha, na uchaguzi huwa Oktoba. Mara moja tu ulisogea: mwaka 2005 ulifanyika Desemba 14, baada ya kifo cha mgombea mwenza wa CHADEMA, na hata siku hiyo wengi wa wageni wa Krismasi walikuwa hawajapanda. Anayeamua ni yule anayebaki: mama wa Kilema anayeuza ndizi, mkulima wa Kahe kule tambarare, mfanyabiashara wa mahindi Himo. Hao watatu hawaishi maisha yanayofanana. Juu mlimani kuna migomba, kahawa na vihamba vinavyozidi kugawanywa kwa watoto. Chini kuna joto, mashamba makubwa, mafuriko ya msimu. Himo na Njia Panda ni miji ya barabarani. Mgombea anayefanya mikutano Himo peke yake akadhani amemaliza jimbo hajaanza kazi.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba Vunjo ilijinyima maendeleo kwa kuchagua upinzani. Shule na hospitali za mlimani zilianza kwa misheni, na fedha za kahawa ziliposimamiwa na chama cha ushirika cha KNCU kuanzia 1933 zilisomesha vizazi kabla chama chochote cha siasa cha leo hakijazaliwa. Wala mbunge hashiki bajeti ya barabara. Vunjo na Moshi Vijijini ziko chini ya halmashauri moja, na tangu 2017 barabara za vijijini ziko mikononi mwa TARURA, wakala wa serikali wa barabara hizo. Kumwambia mkulima kwamba shimo la barabarani kwake ni adhabu ya kura yake ni kumtisha, na raia hatakiwi kutishwa kwa kura aliyopiga kihalali.

Limebaki la 2020: kwamba matokeo yale yalionyesha Vunjo imerudi CCM moja kwa moja. Mwaka huo CCM ilichukua majimbo 256 kati ya 264, Hai ikiwemo, na upinzani uliyakataa matokeo. Kimei ana sifa zake, na huenda zingembeba hata pasipo wimbi lile. Lakini matokeo yaliyofanana karibu nchi nzima hayawezi kusomwa kama uamuzi wa Marangu, Kirua na Kahe peke yao.