Mashine Hupiga Hesabu, Haibebi Amana



Siku hizi kamati ya msikiti wetu hapa Singida hupokea maswali ya zamani yaliyovaa kanzu mpya. Awali mtu alikuja akisema, "Sheikh fulani amesema." Leo vijana wetu huja na simu mkononi wakisema, "Simu imesema." Programu zinazojibu maswali kwa Kiswahili fasaha zimewafikia, na wapo wanaoziuliza hata mambo ya mirathi na talaka. Yatupasa basi kujiuliza: je, mashine inafikiri?

Ndoto ya mashine yenye sura ya mtu si ngeni kwetu. Mwaka 1206 mhandisi al-Jazari, aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir, alikamilisha kitabu cha vyombo vya ajabu, kikiwamo chombo cha majini chenye sanamu za wapiga muziki zilizoendeshwa kwa nguvu ya maji. Neno roboti lilikuja baadaye sana, katika tamthilia ya Karel Čapek ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Na kwa jirani zetu wa Kongo, mwaka 2013, roboti za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilisimamishwa katika njia panda za Kinshasa zikiongoza magari kwa umeme wa jua.

Mwaka 1950 Mwingereza Alan Turing alitoa kipimo: mtu aandikiane na mashine, kisha tutazame kama ataweza kuitambua kuwa si binadamu. Lakini kuzungumza kama mtu si kuwa na dhamana ya mtu. Programu hizi zimelishwa maandishi mengi mno, zikajifunza neno gani hufuata neno gani. Ndiyo maana hutoa kweli na kosa kwa sauti ile ile ya uhakika.

Tuchukue mfano wa mirathi. Mume akifariki na kuacha mtoto, fungu la mjane ni thumni. Asipoacha mtoto, ni robo. Hesabu hiyo mashine inaiweza. Hata hivyo, hujibu kwa kadiri ya ilivyoulizwa. Shemeji anayeshika simu akinyamazia mahari ambayo marehemu hakumaliza kulipa, au shamba la alizeti ambalo mjane alilinunua kwa fedha zake, jibu litatoka zuri na dhuluma itapita ndani yake. Sheikh huwaita pande zote mbili, huuliza mashahidi, huona machozi ya anayeogopa kusema. Juu ya hayo, anajua kwamba ataulizwa kwa hukumu yake. Simu haitaulizwa, ataulizwa aliyeishika.

Kwa hiyo, enyi wazazi na vijana, hatusemi simu zitupwe. Anayetaka kujifunza mafungu ya warithi na ajifunze. Lakini kabla ya kugawa chochote, familia ikae pamoja, mjane akiwapo. Zitolewe gharama za maziko, yaandikwe madeni, mahari ikiwa mojawapo, kisha wasia usiozidi theluthi, ndipo warithi watajwe wote. Karatasi hiyo ipelekwe kwa mwenye elimu, asomewe kila mmoja akisikia.

Wabillahi tawfiq.