Wingi wa Nyimbo Si Umoja

Bendi mashuhuri inapotoa santuri mbili ndani ya jalada moja, wapenzi wa muziki hushangilia, wakiamini kwamba wingi huo ni dalili ya neema. Kwa maoni yetu, mara nyingine wingi huo huficha ugomvi, na humo mna funzo kwa vikundi vyetu vya hapa visiwani.

Beatles wa Uingereza walitoa santuri mbili za namna hiyo mwezi wa Novemba 1968, zikiwa na nyimbo 30. Mtayarishaji wao, George Martin, alipendelea zichujwe nyimbo bora zitoshe santuri moja, lakini wenyewe hawakukubali. Agosti ya mwaka huo mpiga dramu wao, Ringo Starr, alisusa kwa muda wa wiki mbili hivi. George Harrison naye alipata nafasi ya nyimbo nne tu. Kundi lilipovunjika mwaka 1970, Harrison alitoa santuri tatu kwa mpigo mmoja. Kumbe nyimbo alikuwa nazo. Alichokosa ni nafasi.

Pink Floyd walitoa The Wall mwaka 1979, nazo pia santuri mbili. Usukani ulikuwa mikononi mwa Roger Waters. Mpiga kinanda, Richard Wright, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi, alilazimishwa kuondoka, kisha akapanda jukwaani na wenzake kama mwajiriwa wa mshahara. Waters mwenyewe alijitoa mwaka 1985.

Hata hivyo, kugombana si lazima kuwe kuvunjika. Bendi ya Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946, nayo ilikuwa na mivutano juu ya nani aandikwe mtunzi, maana penye jina la mtunzi ndipo penye fedha. Katika santuri yao ya mwaka 1989 waliafikiana kwamba kila wimbo uandikwe kwa jina la kundi zima. Walidumu pamoja hadi Mercury alipofariki mwaka 1991.

Wahenga walisema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Sisi twaongeza kwamba hata nahodha mmoja hafiki bandarini akiwatupa mabaharia wake. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ni ushahidi kwamba kikundi chaweza kuishi miaka mingi kuliko waasisi wake.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wanaohusika na utamaduni wavisaidie vikundi vyetu kuandikiana mapatano kabla ya kurikodi: nani mtunzi, mapato yatagawanywaje, na nani mwenye kauli ya mwisho wanapohitilafiana. Wasanii nao wasione haya kuyauliza hayo mapema. Haya hiyo ndiyo huzaa kinyongo, na kinyongo kimevunja vikundi vingi kuliko umaskini.