KUSIMAMIA MTU SI KUMFUNGA KAMBA



Leo tunataka kusema juu ya wanganga wa wanyama. Wengine watacheka na kuuliza: gazeti la wafanyakazi lina shauri gani na ng'ombe na mbwa? Wasicheke upesi. Nyama inayouzwa sokoni ilipaswa kupita kwanza mbele ya macho ya mtu anayejua. Kama mtu yule hatambui kifua kikuu cha ng'ombe, wala kimeta, wala minyoo ya nguruwe, ugonjwa unaingia katika sufuria ya nyumba zetu. Tena shauri hili ni shauri la kazi. Ni shauri la mtu mwenye diploma na mikono yenye ujuzi, ambaye anaambiwa: "Ngoja kwanza, fanya kazi chini ya mwingine." Maneno hayo, nani kati yetu hakuyasikia?

Mambo yenyewe ni haya. Munganga wa wanyama akisoma katika nchi moja na kwenda kutafuta kazi katika nchi nyingine, mara nyingi diploma yake peke yake haifungui mlango. Katika nchi kama Uingereza na Kanada kuna baraza lenye buku la majina, na asiyeandikwa humo hana ruhusa ya kufanya uganga. Kama shule aliyosoma haikukubaliwa, anapita mitihani. Kanada wanamtaka apite hatua nne: mtihani wa elimu ya msingi, mtihani mkubwa wa uganga, jaribio la upasuaji, na mwisho jaribio la kutibu kwa mikono mbele ya watahini. Safari hiyo inakula wakati na inakula mali. Kwa sababu hiyo, katika majimbo kadhaa ya nchi ile, mtu aliye bado njiani anaweza kupewa ruhusa yenye mipaka: ataandikwa, lakini atafanya kazi chini ya munganga mwingine aliyeandikwa kamili, na hatavuka kazi alizotajiwa.

Je, sisi tunakataa kusimamiwa? Hata kidogo! Kijana anayeshuka chini ya ardhi mara ya kwanza hatumwachi peke yake na baruti. Fundi anakwenda pamoja naye, anamwonyesha, anamtazama, anamkanya. Na ng'ombe hawezi kusema pahali panapomwuma, wala mnunuzi wa nyama hawezi kuona kwa macho yake kilichofichwa ndani ya pafu. Nchi mpya ina magonjwa yake, dawa zake, sheria zake za dawa. Mgeni lazima ajifunze, na pahali pa kujifunza ni karibu na mwenye kujua. Anayesema kwamba usimamizi wote ni dharau, huyo hatumfuati.

Lakini tunakataa mambo matatu, na tunayasema wazi.

La kwanza: tunakataa usimamizi wa karatasi. Msimamizi anayetia sahihi jioni juu ya kazi ambayo hakuiona asubuhi, huyo si msimamizi. Anakaa mji mwingine, anajibu simu akipenda, na jina lake liko ukutani kama picha. Siku mnyama akifa, au nyama mbaya ikipita, atasema: "Mimi sikuwapo." Kama hukuwapo, ulitia sahihi juu ya nini? Sahihi bila macho ni uongo, na uongo huo unaumiza watu wawili: raia aliyeambiwa kwamba kuna ulinzi, na mgeni aliyeachwa peke yake kubeba lawama.

La pili: tunakataa usimamizi usio na mwisho. Ruhusa yenye mipaka ikifungwa juu ya mwajiri mmoja, na kibali cha kukaa nchini kikifungwa juu ya mwajiri yule yule, na msimamizi naye akiwa ndiye mwajiri, basi mtu mmoja ameshika funguo tatu. Mgeni atafanya zamu za usiku ambazo wengine wanakataa. Atapokea mshahara mdogo akinyamaza. Akiona machafu katika kazi, atasemaje, na yule atakayemshitaki ndiye anayeandika habari za mwenendo wake? Wenzetu wanaofanya kazi kwa kontra fupi hawahitaji tufafanue neno hili. Wanalijua kwa mgongo.

La tatu: tunakataa kipimo kinachopanda na kushuka kwa faida ya mwenye kupima. Tazameni Uingereza. Mwaka 2019 wanganga wa wanyama 1,132 kutoka nchi za Umoja wa Ulaya waliandikwa katika buku la nchi ile. Mwaka 2020 Uingereza ikatoka katika Umoja huo. Mwaka 2021 walioandikwa kutoka Ulaya walikuwa 364 tu. Na katika machinjio ya Uingereza, wanganga wanaokagua nyama wengi wao sana walisoma nchi za nje. Upungufu ulipobana, njia ilipatikana. Sheria yao ya mwaka 1966 inaruhusu kumwandika mtu kwa muda, kwa mahali na kazi iliyotajwa. Basi wakaandikwa kwa muda watu ambao Kiingereza chao hakijafika kipimo cha kawaida, wafanye kazi ya machinjio peke yake, chini ya msimamizi, huku wakiendelea kujifunza lugha.

Hatusemi kwamba njia hiyo ilikuwa mbaya yote. Walipewa msimamizi, na walionyeshwa mlango wa kuandikwa kamili. Lakini tunauliza: sababu gani lugha isiyotosha kumtibu paka wa tajiri ilitosha kusimama alfajiri katika damu na baridi, kulinda nyama ya taifa zima? Kama kipimo ni cha usalama, kiwe cha usalama siku zote. Kama kinashuka siku kazi ngumu inapokosa watu, na kinapanda siku watu wanapotosha, basi hicho ni bei ya soko iliyovaa koti jeupe.

Na kipimo kinaweza kupanda vilevile kwa ubaya. Katika jimbo la British Columbia, nchi ya Kanada, wanganga wa wanyama waliotoka India walilishitaki baraza lililowasimamia. Shauri lilikaa miaka mingi. Mwaka 2015 mahakama ya haki za binadamu ya jimbo ile ilihukumu kwamba baraza liliwabagua, na kwamba kipimo cha Kiingereza walichowekewa kilikuwa sehemu ya ubaguzi huo. Sikilizeni vizuri: baraza lililopewa kazi ya kulinda raia lilionekana limetumia mtihani wa lugha kama ukuta. Ndiyo maana tunasema, msimamizi naye lazima asimamiwe.

Watu watatujibu: "Hayo ni ya Wazungu na Wahindi, mbali sana." Hapana, ndugu. Sisi wa Kongo tuna ushuhuda wetu. Katika wakati wa Wabelgiji kulikuwa na wasaidizi wa wanganga, Wakongo waliosoma miaka mingi baada ya shule. Walipima wagonjwa, walitoa dawa, walishika kazi nzito ya hospitali. Lakini sikuzote chini ya munganga Mzungu, na ngazi ya kupanda kuwa munganga kamili hawakuwekewa. Baada ya uhuru wa mwaka 1960, Shirika la Afya la Dunia lilisaidia kuwapeleka wengi wao Ufaransa kumaliza masomo, na kuanzia mwaka 1963 wakarudi wakiwa wanganga kamili. Walikuwa watu wale wale, vichwa vile vile, mikono ile ile. Kilichokosekana siku zote zile hakikuwa akili. Kilikosekana ngazi.

Wengine watasema tena: "Kusimamia vizuri ni gharama. Nani atalipa saa za msimamizi?" Jibu ni fupi. Atalipa yule anayepata faida ya kazi. Asiye na nafasi ya kumsimamia mtu hana haki ya kumwajiri kwa ruhusa ya kusimamiwa. Hatukubali kwamba fundi ni ghali wakati wa kufundisha, na mwanafunzi ni rahisi wakati wa kulipwa.

Basi tunachotaka ni hiki. Mipaka ya kazi iandikwe, mgeni na msimamizi wapewe kila mmoja karatasi yake. Siku za kwanza msimamizi awepo kwa macho, si kwa simu. Baadaye alegeze kidogo kidogo kwa kadiri ujuzi unavyoonekana. Kosa likitokea katika kazi aliyopaswa kuiona, ajibu naye. Mwajiri asiwe peke yake mwenye kuandika hukumu juu ya mgeni. Mgeni awe na ruhusa ya kuhamia kwa msimamizi mwingine bila kupoteza nafasi yake katika buku. Lugha ipimwe kwa kazi atakayofanya. Na siku ya mwisho ijulikane tangu siku ya kwanza: ukifaulu haya, utaandikwa kamili.

Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha uganga wa wanyama. Watoto wetu wanatoka pale na diploma, na wengine watavuka bahari. Tunataka wapokewe namna hii: wapimwe kwa haki, wasimamiwe kwa kweli, wafunguliwe kwa wakati. Na siku munganga wa nchi nyingine akija kwetu na diploma yake mkononi, tumpime kwa kipimo kile kile, Mzungu, Mchina, Mwafrika, wote. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni aliyefungwa mikono atamponya nani?